Ukurasa Niliouchana

Homa Bay,
Jumapili alasiri

Mwanangu Boke,

Barua yenye adabu huanza kwa kumuuliza mpokeaji hali yake. Hali yako naijua. Uko Lambwe, umekwenda kuwaaga wasichana unaowafundisha judo kila Jumapili, na jioni utarudi ukiwa na vumbi hadi kwenye kope, utasema huna njaa, kisha utamaliza ugali wa watu wawili. Hali yangu ndiyo usiyoijua. Nimeketi juu ya mikeka katika ghala letu la zamani la pamba, mlango wa upande wa ziwa nimeuacha wazi, harufu ya omena, dagaa wa ziwa hili, inaingia kama mpangaji asiyebisha hodi, na hii ni karatasi ya nne. Tatu za mwanzo nilizikunja na kuzitupa kwa sababu zilikuwa na ufasaha mwingi na ukweli kidogo.

Kesho saa moja asubuhi unaondoka kwenda Eldoret kusomea ustawi wa jamii, kazi niliyoifanya kwa miaka saba na kuiacha. Sitakuandikia habari za blanketi, maji ya kuchemsha wala marafiki wa kuepuka. Hayo unayajua kuliko mimi. Ninalo jambo moja tu, na nimelibeba kwa miaka minane. Ulipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja uliniuliza kwa nini nilikuacha ukalelewa Kegonga, nami nikakujibu kwamba nyanya yako alikataa kukuachilia. Tangu siku hiyo hujakanyaga boma lake. Kaburi lake hujaliona tangu lilipofukiwa. Boke, jibu lile halikuwa la kweli, na siwezi kukuacha upande gari kesho ukiwa umelibeba.

Najua utasema, "Robi, unaongea kama taarifa ya habari." Umeniambia hivyo tangu ulipojua taarifa ya habari ni nini. Lakini nivumilie, maana ukijua nilikoitoa lugha hii utakuwa umekwisha kuijua nusu ya kosa langu. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, mara baada ya kumaliza kidato cha nne, na baba yako akavuka mpaka kurudi kwao kabla hujaota jino. Pale sokoni Kegonga watu walinitazama kama hesabu iliyokwisha kukosewa. Basi barua ya chuo kikuu ilipofika, ukiwa na miezi kumi na mmoja, niliamua kwamba nitarudi nikizungumza kwa namna ambayo hakuna atakayethubutu kunikata kauli. Nyanya yako alikufunga mgongoni kwa leso yake ya manjano, akanisindikiza hadi barabarani. Nilipogeuka kukupungia mkono ulikuwa umelala. Nilishukuru kwamba umelala. Hilo nalo liandike.

Nikawa msichana wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho la mahafali. Picha yake ndiyo ile iliyo ukutani hapa ghalani, uliyoipangusa vumbi kila Jumamosi kwa miaka saba. Tutairudia hiyo picha.

Nilipata kazi Migori, katika shirika la kutunza watoto. Kazi yenyewe unakwenda kuisomea, kwa hiyo utaielewa haraka. Kila mtoto alikuwa na faili. Kila mwezi tulimtembelea, tukaandika anakula vipi, analala vipi, anamwitikiaje mlezi, na chini kabisa tukaandika neno "Pendekezo" na kutia sahihi. Nilikuwa hodari, sikufichi. Mkubwa wangu alisoma ripoti zangu mbele ya wenzangu ili wajifunze. Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilipanda gari kuja Kegonga kukuona, na mkate, na sukari, na, sijui lilianza lini, daftari la kijani.

Unalikumbuka. Ndani yake niliandika: "Anakula vizuri. Kidonda cha goti la kushoto kinapona. Anaimba akiwa peke yake. Kwa mlezi anaitika haraka. Kwa mgeni anajificha."

Mgeni nilikuwa mimi.

Nyanya yako alikuwa akichambua maharage huku akinitazama. Siku moja aliniuliza kwa Kikuria, "Unaandika nini?"

"Maendeleo ya mtoto, mama."

"Mtoto anaendelea pale nyuma ya ghala la mahindi. Nenda ukamtazame kwa macho."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa mtu asiyejua kusoma. Wewe ulikuwa ukimwita yeye Mama, na mimi ukaniita Robi, kwa sababu hilo ndilo jina ulilomsikia akiniita. Nami nikaliandika hata hilo, kwa herufi safi, kana kwamba halinihusu.

Ulipokuwa na miaka minane nilianguka kule Isebania. Kisa hicho unakijua kwa upande wa ushujaa, kwa maana ndivyo nilivyokusimulia: jinsi nilivyoisimamisha bodaboda iliyokuwa ikimvusha msichana wa miaka kumi na mitatu kwenda Sirare, ng'ambo ya mpaka, kufanya kazi za nyumbani. Sasa nikupe upande mwingine.

Nilisimama katikati ya njia nikiwa na faili mkononi. Mwendeshaji akapiga honi.

"Toka mbele, madam!"

"Nina barua ya ofisi. Mtoto huyu haendi popote."

"Sasa hiyo barua ndiyo itasimamisha piki? Toka, nitakukanyaga!"

Wabadilishaji fedha walicheka kwenye viti vyao. Mmoja alisema, "Huyo mama atakufa na karatasi." Pikipiki ilinisukuma kwa gurudumu la mbele, wala si kwa nguvu sana, nami nikaanguka nikiwa nimelikumbatia faili. Mtu yeyote mwenye akili angeiachia karatasi akajikinga kwa mikono. Mimi nilikinga karatasi. Nikatua kwa kiwiko na kifundo cha mkono kikavunjika. Watu wakainuka, wakaizuia ile pikipiki, na yule msichana akaruka chini, akaja akapiga magoti kando yangu. Akaniuliza, "Umeumia?"

Nami, nikiwa chini, mkono umepinda, nilimjibu, "Jina lako kamili ni nani?"

Msichana huyo hivi sasa ana duka la nguo Isebania, na kila tukikutana hunikumbusha na kucheka hadi machozi yanamtoka. Mimi pia hucheka. Lakini uso wake wa wakati ule sikuusahau. Alikuwa ameniuliza swali la binadamu, nikamjibu kwa fomu.

Baada ya majuma kadhaa nilikuwa kwenye foleni hospitalini nikisubiri kunyooshwa mkono, na pembeni yangu alikuwa mzee mmoja, askari magereza mstaafu, aliyekuja kwa ajili ya goti. Ndiye Mwalimu Ogutu. Wewe ulimjua akiwa amekwisha kulainika. Siku ile alikuwa mkavu kama kuni.

"Nyar Kuria," alisema, yaani binti wa Wakuria, maana alinitambua kwa lafudhi, "mkono imefanya nini?"

"Nilianguka."

"Nani alikufunza kuanguka?"

"Hakuna anayefunzwa kuanguka, mzee."

"Ndiyo sababu uko hapa," akasema, na akaitwa ndani.

Nilimtafuta. Alikuwa akifundisha judo kila Jumapili katika ukumbi aliouazima Migori. Jumamosi hakufanya lolote kwa kuwa alikuwa Msabato wa kweli. Kwa miezi mitano hakunifundisha kumtupa mtu. Nilianguka tu. Kwa mgongo, kwa ubavu, kwa mbele. Nilikuwa nikijitayarisha kwa kila anguko kama mtu anayejitayarisha kwa mahojiano ya kazi, naye akinipigia kelele, "Unaanguka kama gunia ya mahindi! Wacha kufikiria! Wewe anguka tu, sakafu iko, haijaenda mahali!" Vijana walinicheka. Nilirudi nyumbani nikiwa na michubuko na furaha ambayo sikuweza kuieleza ofisini.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kugonga. Unalijua vizuri, lakini niache nilisimulie, kwa maana barua hii yote inaelekea huko. Mtu akikubana mkono au shingo na huna tena pa kwenda, unaugonga mkeka mara mbili. Aliyekubana anaachilia palepale. Haulizi, hacheki, hasubiri. "Kugonga si kushindwa," Mwalimu alisema. "Kugonga ni kusema ukweli: hapa nimefika." Wenzangu waligonga mara kumi kwa siku. Mimi sikuwahi. Nilijifunza kujinyonganyonga, kuuma meno, kusubiri aliyenibana achoke. Mwalimu aliniambia, "Wewe iko siku mkono itavunjika kwa sababu ya kiburi." Nikamwambia si kiburi, ni uvumilivu. Alinitazama tu kama anavyonitazama mtu akiona nimevaa nguo nje ndani.

Kisha nyanya yako akafa. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulisimama kando ya kaburi bila kulia, ukiwa umeishika ile leso ya manjano, na tulipoondoka kwenda Migori hukuuliza tunakwenda wapi. Katika majuma yale ya kwanza ulikuwa ukisimama mlangoni mwa chumba changu, si ndani wala si nje. Nilitamani kukukumbatia, na sikujua mtoto wa miaka kumi na mmoja hukumbatiwa kutoka upande gani. Watoto wa watu wengine nilijua.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikakuta umeketi kitandani na daftari la kijani.

"Hii ni nini?" uliniuliza.

Nilifunga mlango.

"Hapa imeandikwa 'mtoto'. Kila mahali ni 'mtoto', 'mtoto'. Mimi naitwa Boke. Kwani mimi ni kesi ya ngapi?"

Nikakaa karibu nawe. Uliyafunua makaratasi polepole, ukafika katikati, ukapitisha kidole palipokuwa na mabaki ya karatasi iliyochanwa. "Na hapa kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu. Iliharibika."

Ulifunga daftari. Uliuliza swali lako ukiwa umeangalia ukuta. "Kwa nini hukuwa unanichukua?"

Nilikuwa nimewajibu watoto wengi maswali magumu kuliko hilo, na kwa upole. Lakini wewe ulikuwa umenipa kisogo, na nilitaka sana ugeuke. Nikasema, "Nyanya yako alikataa kukuachilia."

Uligeuka, mwanangu. Hilo ndilo lililonifunga mdomo kwa miaka minane. Uligeuka, na usiku ule ulilala ukiwa umeegemeza mgongo wako kwenye wangu kwa mara ya kwanza. Niliununua mgongo huo kwa jina la marehemu mama yangu, na nilijua bei yake nikiwa nimelala hapo bila kusinzia.

Asubuhi yake ile leso ya manjano ilikuwa jikoni, imeloa, unapangusia sakafu. Nikapita kwenda kuchemsha chai.

Mwaka uliofuata niliacha kazi. Watu walidhani nimechanganyikiwa. Mkubwa wangu alinipa majuma mawili nifikirie. Nilikuwa nimechoka kuandika mapendekezo. Tulihamia hapa Homa Bay kwa kuwa ghala hili lilikuwa tupu na mwenyewe alikubali tulilipe kidogo kidogo, tukashona mikeka ya turubai tukaijaza maganda ya mpunga, mimi na wewe, kwa sindano ya kushonea magunia. Nilipachika kibao nje: "Mshauri wa Maisha na Mwalimu wa Judo." Ulikisoma ukacheka hadi ukakaa chini.

"Robi, watu watadhani unarudisha mabwana waliotoroka!"

Na kweli, wa kwanza kubisha hodi alikuwa mwanamke mwenye kutaka mumewe arudishwe kutoka Mbita. Tulimpa uji. Akabaki kujifunza kuanguka, na sasa ndiye mwenye mkanda wa buluu anayekutisha wewe mwenyewe.

Nilipenda miaka hiyo kuliko miaka yote ya maisha yangu. Nilipenda kusikia miguu yako juu ya turubai asubuhi, kabla ya shule, ukijaribu peke yako mtupo ulioshindwa nao jana. Lakini kila jioni ulipopangusa mikeka, ulipangusa kwa leso ya nyanya yako. Rangi ilikwisha hadi haikujulikana kuwa ni ya manjano. Nilikuwa nikiwafundisha wasichana thelathini wa mji huu kusema ukweli kwa miili yao, na mbele ya macho yangu mwanangu alikuwa akipangusa jasho letu kwa nguo ya mtu aliyembeba mgongoni, kwa sababu yangu.

Ulipofika miaka kumi na mitano ulinibana. Unaikumbuka siku hiyo kuliko mimi. Ilikuwa mbele ya darasa zima. Ulinitupa kwa haki, ukaushika mkono wangu wa kulia, ukaunyoosha katikati ya magoti yako. Sikuwa na pa kwenda. Ukanong'ona, "Gonga."

Sikugonga.

"Gonga, Robi. Nimeshika vizuri. Gonga!"

"Endelea," nilisema.

Kiwiko kililia kama kuni mbichi inapovunjwa. Uliachilia mwenyewe, ukarudi nyuma. Ukapiga kelele, "Kwa nini hugongi? Sisi unatufunza tugonge, wewe kwa nini hugongi?"

Nami, huku nimeushika mkono, nilikutazama kwa ule uso wangu wa ofisini, nikasema, "Nasikia kwamba una hasira."

Ulisema, "Mimi si kesi yako." Ukatoka. Ulirudi jioni ukanifunga kitambaa mkononi, na ukakifunga vizuri sana, na hatukurejea tena suala hilo.

Boke, sasa niweke hapa kilichokuwa kwenye ukurasa niliouchana. Niliuchana jioni ile nilipokuleta Migori kutoka mazikoni, kabla hujalipata daftari, na sikuwa na ujasiri wa kuuchoma. Nilitoa kioo cha picha yangu ya mahafali nikaukunja nyuma yake. Kila Jumamosi ulikuwa ukiupangusa. Leo nimeutoa, umo ndani ya bahasha hii.

Ulikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nimekwisha kupanga chumba Migori na kununua kitanda kidogo, na mkoba wa buluu wenye ua la manjano wa kutilia nguo zako. Nyanya yako alijua ninakuja kukuchukua. Aliamka mapema, akakuogesha, akakupaka mafuta hadi ukang'aa, akafunga nguo zako katika ile leso pamoja na karanga za kukaanga za njiani. Nilipofika hakunikaribisha hata kiti. Alikushika mkono akautia ndani ya mkono wangu.

"Mchukue," alisema. "Ni wako. Mimi sehemu yangu nimemaliza."

Ulilia. Ulimshika sketi. Si kilio cha kutisha. Ni kilio cha mtoto yeyote, na kingekwisha kabla hatujafika barabara ya lami. Nilikuwa nimewahamisha watoto waliolia kuliko wewe, na nilijua. Lakini juma hilohilo nilikuwa nimeahidiwa cheo, cha kusimamia kazi yetu yote hadi mpakani, na usiku uliotangulia nilikuwa nimekaa kando ya kitanda kile kidogo nikijiuliza ni nani atakayekuwa nawe nikichelewa kurudi. Na zaidi ya cheo, niliogopa. Niliogopa kuwa peke yangu chumbani na mtoto anayenijua kama mgeni, bila fomu ya kujaza. Kwa hiyo nilipoona machozi yako, niliyashukuru, kama nilivyoushukuru usingizi wako siku ile barabarani.

Niliketi kwenye kigoda. Nikatoa daftari. Ukiwa umesimama mbele yangu unafuta kamasi kwa kiganja, niliandika: "Mtoto ameshikamana sana na mlezi. Kumhamisha kwa sasa kunaweza kumdhuru. Pendekezo: aachwe alipo." Nikatia sahihi. Nilitia sahihi, Boke, na tarehe.

Nyanya yako aliniuliza, "Umeandika nini?" Nikamsomea, nikimtafsiria. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hayo ni ya kitabu au ni ya kwako?"

"Ni utaratibu, mama."

Alifungua leso taratibu, akazitoa nguo zako moja moja, akazirudisha kwenye kamba. Karanga akakupa ule. Kisha akasema, "Basi huo utaratibu ukija kumchukua, utanikuta hapa."

Nilirudi Migori na mkoba mtupu. Ndio ule uliowahi kuniuliza kwa nini mtu mzima anabebea faili katika mkoba wa mtoto.

Na kwa miaka sita baadaye, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla hajanisalimu vizuri, aliniuliza, "Leo umekuja na mkoba?" Nami nikamjibu, "Mwezi ujao." Hakuchoka kuuliza. Mara ya mwisho alipokuwa amelala na hawezi kuinuka, hakuuliza. Alinitazama mikono tu.

Huyo ndiye mtu niliyekuambia alikataa.

Siandiki haya ili uniambie nilikuwa mdogo, au kwamba kazi ilihitajika, au kwamba mwishowe tulikuwa na mikeka hii na asubuhi zile. Hayo yote ni kweli na hayaugusi ukurasa ule. Wala siandiki ili ukiache chuo. Utakuwa bora kuliko nilivyokuwa, kwa sababu wewe ulikaa ndani ya faili na unajua kuna baridi kiasi gani. Iko siku utaketi mbele ya mtoto anayelia na kalamu mkononi mwako itajua maneno mazuri kabla moyo wako haujajua chochote. Ukiisikia kalamu ikikimbia hivyo, iweke chini. Ni hilo tu ninalolijua kwa hakika baada ya miaka yote.

Sikuombi uniite Mama. Jina hilo lilikuwa na mwenyewe, naye alilifanyia kazi. Wakati mwingine nasikia mtoto akimwita mama yake huko ufuoni nami nageuka, kisha nacheka peke yangu. Hilo nalo litapita, au halitapita.

Ile leso niliichukua majuma mawili yaliyopita, nikakuachia tambara jipya, na hukuuliza. Nimeifua mara nyingi. Manjano yake hayatarudi, lakini ukiitazama juani utaona mahali ua lake lilipokuwa limechapwa. Nimeiweka juu ya sanduku lako, si ndani, ili uamue mwenyewe.

Chuo kinapokea wanafunzi hadi Jumatano. Gari la Eldoret liko saa moja. La Migori huondoka palepale nusu saa kabla yake, na kutoka Migori unajua njia ya Kegonga. Boma halijabadilika, mjomba wako Marwa amelizungushia kaburi maua ya kienyeji. Ni upande wa pili kabisa wa safari yako. Ukitaka niende nawe, nitakuwa nimevaa viatu. Ukitaka kwenda peke yako, nitakufungulia mlango na sitasema kitu. Ukipanda la Eldoret moja kwa moja, nitakupungia mkono, na safari hii nitahakikisha hujalala.

Nasikia sauti yako barabarani, unabishana na mtu wa bodaboda kuhusu nauli ya kutoka Lambwe. Sina muda wa kuipamba barua hii.

Siku ile ulinibana kwa haki, nami sikugonga. Leo nimeinama juu ya mkeka huuhuu, kiganja cha mkono ule ulioumia kikiwa juu ya turubai, na nimegonga mara mbili. Hakuna aliyesikia isipokuwa bata wa jirani. Nagonga, Boke. Hapa nimefika.

Sheria ya ukumbi wetu unaijua: anayegongewa huachilia palepale. Lakini sheria hiyo ni ya mkono na shingo. Kwa hili, shikilia kadiri unavyohitaji.

Ni mimi,
Robi